Jengo la Mzee, Kodi ya Mpangaji

Elfu kumi imeingia LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimetoka uniti 23 na ushee. Mwezi jana elfu kumi hiyo hiyo, ikinunuliwa katikati ya mwezi, ilitoa 28. Kabla hujamtukana wakala, soma meseji mpaka chini. VAT asilimia 18 tumeizoea, REA ya umeme vijijini 3 tumeizoea, EWURA, mdhibiti wa nishati, 1 haina ubaya na mtu. Halafu kuna 1,500 imekaa peke yake pale, mguu juu ya mguu. Hiyo ndiyo kodi ya jengo, na mita huikata kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi.

Hesabu yake haihitaji mhasibu. Uniti ya T1, bei ya watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292, ukipandisha hayo makato inagota kwenye 356. Toa 1,500 kwenye elfu kumi, gawa kinachobaki, umepata 23.9. Aliyejipapasa akanunua ya 2,000 tarehe mosi amepata uniti 1.4, za kuchajia simu ili anunue tena. Na usisafiri miezi miwili ukadhani umeikwepa. Mita inalimbikiza, ukirudi inakukata yote kwa mpigo.

Wazo lenyewe, tuseme kweli, lina akili. Tangu Agosti 2021 hakuna tena haja ya ofisa kuzunguka mtaani na ankara huku watoto wakimwambia baba hayupo. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya chini, Julai 2023 ikawa 1,500, na ghorofa za mjini 7,500 kwa kila ghorofa. Kasoro ni moja tu: mita haijui hati ya kiwanja iko kabatini kwa nani. Inamjua anayebonyeza tarakimu, na anayebonyeza ni mpangaji. Serikali ikasema mpangaji na mwenye nyumba wakae waelewane.

Haya, kaelewaneni.

Kwanza mnakusanya meseji za mwaka mzima, jumla 18,000. Mnateuliwa wajumbe wawili kutoka vyumba sita vyenye mita moja, maana kwenda peke yako ni kujiandikia notisi. Mnachomekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kodi mmekuja nayo?"

"Tumekuja kwa habari ya hiyo hiyo kodi mzee, ila ile ya serikali."

Mzee anavua miwani. Mwenye nyumba akivua miwani, mpangaji mzoefu huanza kuangalia viatu vyake aliviacha wapi.

"Ya serikali mnanidai mimi? Mimi ndiyo hazina?"

Mnamweleza kwa unyenyekevu kwamba kwa sheria mlipaji ni mwenye jengo, ninyi mmemtangulizia tu, basi aipunguze kwenye pango. Kwa mwaka ni 3,000 kila chumba. Kwa mwezi, hapo sauti inashuka yenyewe, ni 250.

"Mia mbili hamsini!" Anageukia ndani. "Mama Zuhura! Njoo uone, watu wazima wenye ndevu wamechomekea kuja kudai mia mbili hamsini!"

Mama Zuhura anatoka na mwiko mkononi, na kuanzia hapo kikao ni chake. Anataka kujua nani anapiga pasi saa tano usiku. Anataka kujua friji ya barafu za kuuza imechomekwa kwa ruhusa ya nani. Hoja ya kodi imekufa, imefunguliwa kesi ya friji. Mjumbe mwenzako, ambaye friji ni yake, anakumbuka ameacha jiko linawaka.

Mzee anatoa hukumu: nyumba ni yangu, umeme mnatumia ninyi, kodi imepandishwa kwenye umeme, kwa hiyo iulizeni mita. Na mwezi unaofuata pango limeongezeka 5,000 kila chumba, kwa sababu "kodi za serikali zimezidi". Vyumba sita, 30,000 kwa mwezi, kufidia 1,500 ambayo hajailipa hata siku moja. Mtu huyo anakaa na kijiti mdomoni barazani wakati nchi ina uhaba wa wachumi!

Vyumba sita mita moja kuna msiba mwingine. D1, bei ile ya wanyonge, uniti inatoka kwa 122 pamoja na makato, lakini mwisho uniti 75 kwa mwezi kwa mita. Bachela mwenye mita yake na taa mbili anaenea humo vizuri. Familia sita zilizobanana zinazimaliza 75 mwezi haujafika nusu, zinatupwa T1 pamoja na wenye viyoyozi. Kadiri mnavyobanana, ndivyo mnavyohesabiwa matajiri.

Mpangaji wa fremu ya duka naye anatakiwa akate asilimia 10 ya pango aipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Mwambie mwenye fremu unamkata, uone kama kesho kufuli ni lako. Dukani unaulizwa unataka bei ya risiti au bei ya kawaida. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei za mafuta: zikipanda, bodaboda anazo kabla ya taarifa ya habari, zikishuka, hana redio. Aprili inafika ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, bungeni, wote tunakuwa wakaguzi wiki mbili, mabilioni yamelipwa bila nyaraka. Bila nyaraka! Mimi kwa 1,500 nina meseji inayoonyesha mpaka senti.

Na tarakimu zenyewe bado hazijaingia. Ziko 20, mtoto anasoma kwa sauti, wewe unabonyeza rimoti ambayo betri zake zimefungwa na mpira. Mmefika ya 17, jirani anagonga: eti mna chumvi? Mtoto anamjibu, mstari umepotea, mnaanza upya. Chumvi aliyokopa Jumanne mbona hairudishi?