Siku tano zilizofutwa Kansas

Nimechelewa kukisoma. Kitabu cha Truman Capote, In Cold Blood, kiko madukani tangu 1966, nami nimekimaliza juzi tu, kwenye nakala kuukuu niliyoinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, jalada limebanduka nusu. Kilinikesha masiku matatu. Siku moja, kwenye feri ya Likoni, watu walishuka wote nikabaki nimesimama na kitabu mkononi.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Tarehe 15 Novemba 1959, kijijini Holcomb, jimbo la Kansas, Marekani, mkulima Herb Clutter, mkewe na watoto wao wawili waliuawa nyumbani kwao. Wauaji, Perry Smith na Richard Hickock, walinyongwa Aprili 1965. Capote alikiita kitabu chake riwaya isiyo na la kubuni, na akashikilia kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Ugomvi unaanzia hapo, maana si yote.

Nilimpelekea habari hizi mwalimu wangu wa zamani wa fasihi, ambaye jioni humkosi barazani kwake Kibokoni, birika la kahawa chungu mbele yake. Hakushtuka hata kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "kisa kisicho chumvi ni uji wa mgonjwa. Lingekuwa faili la polisi, ungelisoma?"

Nisingelisoma, nakubali. Bila mkono wa fundi, watu wanne wa Holcomb wangebaki majina kwenye gazeti la zamani. Capote anatupa siku yao ya mwisho mpaka unamwona binti yao Nancy akimfundisha msichana wa jirani kuoka pai ya cheri. Wanaosema kitabu kinawatukuza wauaji nadhani wamekisoma haraka. Na wale wanaolalamika kuhusu chumvi huonekana watu wakavu, wasiojua utamu wa hadithi. Mimi niko upande wao, na utamu naujua.

Kilichonichoma zaidi ni hundi. Mchana wa kuamkia mauaji, Clutter alitia saini bima ya maisha ya dola 40,000, akaandika hundi ya malipo ya kwanza. Alikuwa na sifa eneo zima ya kutotembea na pesa taslimu. Kila kitu alilipa kwa hundi. Hickock alikuwa ameambiwa gerezani, na mfungwa aliyewahi kufanya kazi shambani pale, kwamba nyumbani kwa Clutter kuna sefu lenye maelfu. Sefu halikuwepo. Waliondoka na dola kati ya 40 na 50, redio na darubini. Jirani yeyote angewaambia kwamba nyumba ile haina pesa. Roho nne, na ukizigawanya zile dola haifiki hata 13 kwa kila roho. Nilifunga kitabu nikakaa muda. Hapo Capote hakuongeza punje ya chumvi, na hakuna ukurasa ulionishika kuliko huo.

Chumvi imetiwa kwingine. Kitabuni, mfungwa yule anapotoa siri, mpelelezi mkuu Alvin Dewey anamtuma mtu wake usiku uleule kwenye shamba la wazazi wa Hickock. Unasoma ukiwa na imani kwamba kazi imeshikwa barabara. Mwaka 2013 gazeti la Wall Street Journal liliripoti yaliyomo kwenye nyaraka za idara ya upelelezi ya Kansas: walikaa siku tano kabla ya kwenda. Capote na Dewey walikuwa marafiki, na bila msaada wa Dewey kitabu kingekuwa kigumu kuandikika.

Mwalimu aliliona hilo jambo dogo. Siku tano, miaka zaidi ya sitini iliyopita, na wauaji wakashikwa Desemba, mwezi uleule siri ilipotoka! Mimi halinitoki, kwa sababu ya Shakahola, msitu wa pwani ya Kenya ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikutwa wamekufa, wengi kwa njaa.

Aprili 2023 makaburi yalipoanza kufukuliwa msituni kule, kaunti ya Kilifi, hesabu ilipanda mpaka ikapita miili 400. Kesi zililetwa huku kwetu Mombasa, Shanzu ikiwemo, na mwanzoni washtakiwa walikana mashtaka. Kuna jambo moja ambalo halihitaji kungoja hukumu: ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya 2024 iliwalaumu maafisa wa usalama kwa kupuuza taarifa zilizowafikia mapema. Taarifa zilifika, na siku zikapita.

Kitabu cha Shakahola kitaandikwa, tena natamani kiandikwe na mtu mwenye kalamu kama ya Capote. Sasa mtu huyo ajenge urafiki na afisa mmoja anayemfungulia mafaili. Aone hadithi inalegea katikati. Aandike kwamba habari ilipofika kituoni, gari liliondoka usiku uleule. Sentensi moja tu, tamu, yenye mwendo. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atapumua na kufungua ukurasa unaofuata. Mama wa Malindi aliyekwenda kupiga ripoti akarudi mikono mitupu atakuwa amefutwa, na miaka hamsini baadaye kitabu ndicho kitakachosomwa, wala si ripoti ya tume.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ile ya makaburini, nayo ungeitoa?"

Alimaanisha kurasa za mwisho: Dewey anakutana makaburini na msichana aliyekuwa rafiki wa marehemu Nancy, sasa amekua, wanazungumza kidogo, upepo unavuma kwenye ngano. Ni kurasa nzuri mno. Mkutano huo haukutokea. Mwandishi wa maisha ya Capote, Gerald Clarke, amelieleza hilo waziwazi. Nikafikiria familia zilizosubiri vipimo vya vinasaba hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ikaanza kutolewa mochari ya Malindi. Wao hawakuandikiwa ngano wala upepo.

"Ningeitoa, Mwalimu."

Hakunijibu. Alinimiminia kikombe kingine, akaninyooshea mkono kuomba nakala yangu, akaanza kutafuta ukurasa wa hundi.