Mlango wa Babu, Mwaka 1420

Naomba niseme mwenyewe, maana jirani yangu wa friji za mtumba ameshawasimulia nusu ya Bagamoyo, na kwenye stori yake eti nilipiga magoti. Sikupiga magoti. Nilichuchumaa kwa sababu miguu iligoma. Ni vitu viwili tofauti.

Ule mlango ninaouuza dukani mnaujua. Ndio huohuo niliouposti juzi nimeuegemea na miwani ya jua, nikaandika "Urithi wa ukoo, 1902". Mlioandika mashaallah, nawaomba radhi mmoja mmoja.

Mlango ni wa juzi jamani. Mbao ya mwembe, fundi kauchonga miezi miwili, maua na minyororo pembeni kama milango ya mji mkongwe. Njumu, yale mapambo ya kupigiliwa, ni misumari ya sofa. Uzee tuliupika: chai ya rangi iliyokolea, kiwi nyeusi, oili chafu ya gereji, kisha ukalazwa wiki mbili kwenye banda la kuku la mama mkwe. Ulitoka huko una umri kunizidi.

Halafu nikataka mwaka, kwa Kiarabu, kwenye kizingiti cha juu, kama ile ya kweli. Nikakokotoa: 1902 ni kama 1320 ya Hijria. Tarakimu nikazichora mwenyewe kwenye karatasi ya maandazi, nikampa fundi. Mimi na madrasa tuliachana mapema, lakini namba nne tu zinamshinda nani?

Fundi nikampa na somo. "Mtu yeyote akikuuliza, ule mlango ni wa babu yangu, 1902. Hata mimi nikikupigia nikiwa na mteja, ng'ang'ania hapohapo." Akasema, bosi, hapo umefika.

Jumanne asubuhi akaja mama mmoja mtulivu, miwani inaning'inia shingoni, na kijana wake amebeba begi. Kwanza akapita kwenye cherehani mbovu na redio za mbao, akanisifu leseni yangu ya biashara niliyoitundika ukutani. Nilivimba. Kisha akasimama mbele ya mlango.

"Huu nao, mwanangu?"

Mdomo uliponza kichwa. Niliwashwa, sikuzimika. Nikamwambia ni msaji mtupu. Nikamwambia babu wa babu yangu alikuwa na meli. Nikamwambia njumu zile ziliwekwa kuzuia tembo. Tembo, Bagamoyo, wanagonga hodi!

"Una hakika ni wa kabla ya mwaka 1940?"

"1940? Mama, 1940 huu mlango ulikuwa mzee!"

"Na mtu akiutaka ng'ambo?"

Hapa, wadau, ndipo nilipoingia choo cha kike nikafunga na mlango. Nikasogea karibu, nikashusha sauti kama mtu wa maana. "Hiyo niachie mimi. Tunaandika samani zilizotumika, tunaulaza chini ya magodoro, kontena linaondoka. Nani atafunua magodoro?"

Akavaa miwani. Polepole, mkono huu, halafu mkono huu. Kijana akafungua begi, akatoa daftari na kitambulisho, nikaona neno "kale" na sikuona lingine tena.

"Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964," akasema kwa sauti ileile ya kuulizia bei. "Mlango wa mbao uliochongwa Tanganyika kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Hautoki nchini bila leseni. Leseni yako ya kuusafirisha iko wapi, mwanangu?"

Nikaonyesha ile ya ukutani. Mkono ulijinyanyua wenyewe.

"Hiyo ni ya kuuza pasi na redio."

Jirani wa friji alikuwa ameshavuta kiti.

Basi hesabu ikanijia kichwani. Mlango ukiwa mzee, nina kesi. Mlango ukiwa mpya, mimi ni tapeli. Nikapima nusu dakika. Nikachagua utapeli.

"Mama, shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia, nikaongeza nyingine. "Huu mlango ni mpya."

"Dakika mbili zilizopita ulikuwa wa babu."

"Babu mwenyewe alikuwa kondakta, mama. Meli sikuwahi kumwona nayo. Ngoja nimpigie fundi."

Nikampigia, nikaweka sauti ya juu kila mtu asikie. Nilisikia randa inasimama.

"Fundi! Huu mlango umeuchonga lini? Sema kweli, niko na watu."

Kimya. Kisha akakohoa kidogo, kama anayejiandaa kusoma risala.

"Mlango upi, bosi? Ule wa marehemu babu yako?"

"Fundi, achana na hayo! Sema umechonga wewe!"

"Mimi? Mimi nimeukuta. Ule ni wa mwaka elfu moja mia tisa na mbili, kama tulivyokubaliana."

Kijana wa begi akageukia baharini, mabega yanamtetemeka. Mama akaandika. Sijui aliandika nini, ila aliandika kirefu.

"Fundi, nakuomba kwa jina la Mungu, sema ni mpya!"

"Bosi, ulisema hata wewe ukinibembeleza nisikubali. Sikubali." Akakata.

Ndipo nilipochuchumaa. KUCHUCHUMAA.

Watu walikuwa wameshajaa, na katikati yao binti mdogo, kama miaka tisa hivi, anatoka madrasa na juzuu yake kifuani. Akainua shingo kutazama kizingiti, akasoma kwa sauti ile ya kughani ya chuoni:

"Elfu moja, mia nne, na ishirini."

Nikamsahihisha! Katika hali ile bado nilikuwa na kiburi cha kusahihisha. "Mia tatu, mwanangu. Ile ni tatu, imegeuka tu."

Akanitazama kwa huruma. "Tatu ina meno, mjomba. Hiyo imegeuka ni nne."

Mama akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Kisha akavua miwani.

"1420. Ni mwaka 1999 huo." Akanigeukia. "Mlango wa babu yako ni mdogo kuliko wewe."

Soko zima likaanguka. Jirani alimwagikiwa na kahawa mapajani na hakujali. Mama akasogea, akanusa mbao, akasema "kiwi", akakwaruza njumu moja kwa ukucha ikabaki na kidole chake. Kwenye kona ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, akachomoa unyoya wa kuku, akanikabidhi bila neno.

Yaliyobaki yalikwenda haraka: nikaandika maelezo, nikabandua kile kikaratasi cha 1902, nikasemwa kama mtoto kuhusu ya magodoro, mlango ukapigwa picha mbele na nyuma, wakaondoka. Kwa hiyo mkisikia nimefungwa, ni uongo. Mkisikia mtaani naitwa Mjomba 1420, hiyo ni kweli, na ilianza kabla gari lao halijakata kona. Mlango upo, bei imeshuka kutoka milioni nne hadi ya maelewano. Mwenye banda la kuku aje inbox.

Saa moja usiku fundi akatokea dukani, kifua mbele, kama mtu aliyerudi vitani.

"Bosi, walijaribu kunitega kwa sauti yako. Nimekaza!" Akaketi kwenye kigoda, akajipangusa jasho. "Sasa ile elfu themanini iliyobaki vipi?"