Mbu wa Mapipa na Baridi ya Mbeya

Kwa miaka mingi wakazi wa Mbeya mjini, Iringa na Njombe wameihesabu baridi kuwa kinga yao dhidi ya malaria, na hawakukosea, kwa kuwa vimelea vya Plasmodium falciparum, vinavyosababisha sehemu kubwa ya malaria nchini, haviwezi kukomaa ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Swali linalotukabili ni kama kinga hiyo itatosha dhidi ya Anopheles stephensi, mbu anayeeneza malaria mwenye asili ya Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni, ambaye tofauti na mbu wetu wa madimbwi na mashamba ya mpunga, hustawi mijini kwenye mapipa, matangi na maji ya kujengea.

Djibouti ilimgundua mwaka 2012, mwaka ulioandikwa wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 waliandikwa zaidi ya 73,000. Ethiopia ilimkuta mwaka 2016, na mapema mwaka 2022 mji wa Dire Dawa ulipata mlipuko wakati wa kiangazi, msimu ambao malaria huwa imetulia. Mwishoni mwa mwaka huohuo alithibitishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Wanaosema Nyanda za Juu Kusini zisiwe na haraka ya kujiandaa dhidi yake wana hoja nzito. Anayeua watu leo Kyela na Mbarali si mgeni huyu, bali mbu wetu wa siku zote, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, na kila shilingi inayoondolewa kwenye vyandarua, vipimo na dawa mseto ina mtoto anayeihitaji sasa. Wanaongeza kuwa mayai ya Anopheles, jamii ya mbu waenezao malaria, hayastahimili ukavu wa muda mrefu kama yale ya mbu wa dengi, hivyo si rahisi yasafiri ndani ya matairi makavu kwenye malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam kupitia Iringa na Makambako hadi Tunduma.

Hoja ya baridi naikubali kwa mwezi Julai. Kwa Oktoba siikubali. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto Mbeya, na ndiyo pia mwisho wa kiangazi, mabomba yanapokauka na kila nyumba kujaza pipa, ndoo na simtangi. Kwa mbu wa kawaida huo ni msimu wa shida, lakini kwa stephensi ni msimu wa neema. Tena huanza kuuma mapema jioni, watu wakiwa bado uani, kabla hawajaingia ndani ya chandarua, na huko alikochunguzwa, ikiwemo Ethiopia, ameonyesha usugu kwa viuadudu vingi.

Kumtambua mapema hakuanzii maabara. Kwenye jengo moja ambalo halijaisha, Uyole, niliinua ubao uliofunika pipa la maji ya zege, nikaona viluwiluwi wakining'inia vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji. Hao si Anopheles. Kiluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, na fundi yeyote akionyeshwa mara moja ataijua tofauti hiyo. Akimwona kiluwiluwi aliyelala hivyo ndani ya pipa la mjini, amwite afisa afya amchukue akapimwe.

Kazi hiyo ni nafuu, haigusi fedha za vyandarua, na inatufaa hata stephensi asipofika, kwa sababu mapipa hayohayo huzalisha mbu wa dengi. Ninachokipinga kwa nguvu ni kuwatoza faini akina mama wanaohifadhi maji. Mama anayepata maji ya bomba siku mbili kwa wiki hawezi kuambiwa amwage pipa. Anahitaji kifuniko kinachoziba au wavu unaobana mdomo wa pipa, na mamlaka ya maji inapaswa kukaa meza moja na idara ya afya kabla Oktoba haijafika.