StAR ya samaki: mRNA peke yake inatosha?

Katika utafiti wa homoni za samaki, mara nyingi kinachopimwa ni mRNA (nakala ya maagizo ya kutengeneza protini) ya jeni ya star kutoka kipande cha ovari, kisha hitimisho ni kwamba uzalishaji wa homoni za steroidi umepanda au umeshuka. Njia hii ina mashiko. StAR, protini inayotokana na jeni hiyo, ndiyo inayovusha kolesteroli, malighafi ya homoni hizo, kutoka utando wa nje wa mitokondria hadi wa ndani, ambako kimeng'enya P450scc huikata mkia na kupata pregnenoloni. Kivuko hicho kikikwama, vimeng'enya vinavyofuata hukosa malighafi. Isitoshe, kingamwili za StAR ya mamalia mara nyingi hazishiki vizuri ile ya samaki, hivyo kupima protini yenyewe ni vigumu.

Lakini mRNA si protini. StAR huanza ikiwa na kilodaltoni 37 hivi, hufanya kazi yake kwenye utando wa nje, na ikishaingia ndani hukatwa ikabaki 30, kazi imekwisha. Ili ifanye kazi kikamilifu huhitaji pia kuwekewa fosfeti. qPCR, kipimo cha wingi wa mRNA, haioni lolote kati ya hayo.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, huanzia kwenye sampuli. Yai linapokua, RNA yake humeza ile ya seli za theka na granulosa zinazolizunguka na kutengeneza homoni, kwa hiyo star yaweza kuonekana imeshuka bila seli hizo kupunguza chochote. Figo ya kichwa nayo ina tatizo kama hilo: seli zake za kortisoli, homoni ya msongo, zimetawanyika katikati ya tishu inayotengeneza damu.

Dawa yake, kwa ovari, ni kutenga folikuli (yai pamoja na seli zinazolizunguka) za hatua moja na kuzigawa makundi manne: lisilo na nyongeza, lenye hCG (homoni inayochochea folikuli), lenye 22R-hidroksikolesteroli (aina ya kolesteroli, kwa kifupi 22R) na lenye pregnenoloni. Ethanoli iliyoyeyushia steroidi iwekwe kwa kiwango kilekile katika makundi yote, la sivyo ulinganisho umeharibika. Kisha pima estradioli, homoni ya mwisho ya mnyororo huu, kwenye maji ya kukuzia. 22R hupenya mitokondria bila kuhitaji StAR. Ikirudisha estradioli iliyokuwa chini, hitilafu iko kabla ya P450scc: StAR yenyewe, ishara inayoiamsha, au akiba ya kolesteroli. Pregnenoloni pekee ikirudisha, shuku P450scc. Zote mbili zikishindwa, tazama vimeng'enya vya mbele: 3β-HSD, Cyp17a1, aromatasi.

Jaribio hili nalo lina upungufu: folikuli iliyomwagiwa malighafi huonyesha uwezo wake wa juu, si kasi yake ndani ya samaki. Kwa kasi hiyo bado unahitaji damu, iliyochukuliwa upesi kabla msukosuko wa kukamatwa haujapandisha kortisoli.