Asilimia 27, Tafadhali Usizime

Saa tatu kasorobo usiku barua imeshakamilika, jina langu liko pale chini, mwisho wa kupokea ni saa sita, nimebakiza kubonyeza "Tuma" tu. Kompyuta ikaamua huo ndio wakati wa kujiboresha. Ilinipa dakika tano za kujiandaa, kama mwenye nyumba anayemhurumia mpangaji, kisha kioo kikazimika, kiduara kikaanza kuzunguka na maandishi yakatokea: Inasasishwa, asilimia 27. Tafadhali usizime kompyuta yako. Hiyo "tafadhali" ndiyo iliyonikera zaidi. Umeninyang'anya kiti, halafu unaniomba kwa adabu nisimame vizuri!

Mfumo wenyewe, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, siutaji. Nikiutaja tu, nusu yenu mtaacha kunipa pole mwanze kuutetea, na nusu nyingine mtanicheka kwamba nilijitakia. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu, sitaki kuingizwa kwenye ugomvi wa madhehebu. Maana haya ni madhehebu kabisa. Wapo wa Windows ya Microsoft, wapo wa Mac ya Apple, wapo wa Linux, na kila upande una mitume, miiko, na sala ya toba kwa waliopotea.

Kosa langu ni kwamba nililalamika kwa sauti.

Shemeji ndiye aliyewahi. Shemeji ana Mac, na huifungua kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayefunua kisanduku cha dhahabu. "Shemeji," akaniambia, "sisi huku virusi hatuvijui." Sisi huku! Utadhani amehamia ng'ambo. Nikamkumbusha kwa upole, maana amani ya nyumba ina thamani yake, kwamba kirusi cha Elk Cloner, miongoni mwa vya kwanza kabisa kusambaa kwenye kompyuta za watu, kilitungwa mwaka 1982 na kijana wa shule huko Marekani, na kilisambaa kwenye Apple II, kompyuta ya zamani ya haohao Apple. Eti kila ukiiwasha kwa mara ya hamsini, kinakuonyesha shairi. Nikamtajia Flashback ya mwaka 2012, iliyoingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Nikamalizia na ile aibu ya Novemba 2017, ilipogundulika kwamba kwenye macOS High Sierra, mfumo wa Mac wa wakati huo, ukiandika jina "root", yaani la msimamizi mkuu, ukaacha sehemu ya paswedi wazi na kubonyeza mara mbili tatu, mlango unafunguka.

"Hayo walishayarekebisha," akasema. Kweli, ile ya paswedi waliitibu ndani ya siku moja. Basi nikahamia kwenye bei. Mwaka 2019 Apple walitoa kioo cha dola 4,999, na mguu wa kukisimamishia ukauzwa kando kwa dola 999. Mguu! Miaka miwili baadaye wakatoa kitambaa cha kufutia kioo, dola 19. Shemeji akanitazama kwa huruma, akasema ubora haupimwi kwa fedha. Kisha akaniazima chaja.

Fundi naye alitoa jibu lake lilelile la tangu enzi za disketi: "Tufomati," yaani tufute kila kitu tuanze upya. Fundi huyu ukimwambia mtoto ana mafua, atasema mtoto afomatiwe.

Mwenzangu kazini ni mtu wa Windows, na hoja yake ni fupi: kila programu inakubali, kila mchezo unakubali, na bei ni nafuu. Nafuu kiasi gani? "Mimi sikulipa hata senti." Ya kwake ni ya kukraki, yaani imevunjwa kufuli ili isilipiwe, na maelekezo ya kukraki, kifungu cha kwanza, yanasema: zima kwanza antivirusi. Alizima. Huyu ndiye anayenipa darasa la usalama. Nilipomwambia habari ya masasisho, akasema yeye huwa anabonyeza "Nikumbushe baadaye" tangu aliponunua kompyuta. Hapo ikabidi nitetee kitu nilichokuwa nakitukana dakika tano kabla, maana Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa, Microsoft walikuwa wameshatoa kinga tangu Machi. Wengi waliolizwa hawakuwa wamesasisha. Lakini na yeye akanikamata: tarehe 19 Julai 2024, si lilikuwa sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi, lililoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 na kuacha ndege chini? Nikakosa la kujibu. Usiposasisha unalizwa na mwizi, ukisasisha unalizwa na mlinzi.

Hao wote afadhali. Aliyenimaliza ni mpwa.

Mpwa wangu alikuja asubuhi, flashi shingoni kama hirizi. Wakati huo kompyuta ilishamaliza kujiboresha na barua yangu ilikuwa imo, salama, imechelewa. Ningeweza kumwambia arudi kwao. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hushika chochote anachopewa. "Mjomba," akasema, "hii ni Linux, ni bure. Hulipi leo, hulipi kesho." Neno bure lina nguvu zake. Nikampisha kitini.

Alipokuwa anaiweka Linux pembeni ya mfumo wa zamani, alinipa somo. Kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kuwa anatengeneza kamfumo kadogo ka kujifurahisha tu. Kwamba tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Kwamba hata simu yangu ya Android, ndani kabisa, ni Linux. Nikasema vizuri, sasa tutume barua.

Waifai hakuna. Aliyetengeneza kadi ya waifai, ambaye namsamehe bila kumtaja, hakuwapa watu wa Linux draiva yake, yaani kijiprogramu cha kuiendesha. Ipo, lakini inapakuliwa kwenye intaneti. Intaneti inahitaji draiva. Draiva inahitaji intaneti. Mpwa akaona hiyo ni changamoto ndogo. Akaunganisha simu yangu kwa waya, akanywa bando langu lote la wiki, akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akanisogezea kibodi.

"Weka paswedi yako, mjomba."

Nikaandika. Hakuna kilichotokea. Nikaandika kwa nguvu zaidi.

"Kibodi imekufa."

"Haijafa, mjomba. Inaficha."

"Inaficha nini?"

"Unachoandika. Ili mtu asikione."

"Hata vinyota haitoi?"

"Vinyota vingeonyesha idadi ya herufi. Adui akijua idadi, kazi yake inakuwa nyepesi."

"Adui gani? Humu ndani tuko wawili, na paswedi yangu unaijua, imebandikwa hapo juu ya kioo."

Akainua macho. Ilikuwapo kweli, kwenye kikaratasi cha njano, kwa mwandiko wangu mzuri, na chini yake ya benki. Alinyamaza muda mrefu sana. Mtoto nimemlea mwenyewe, nikamwona anavyonihesabu upya.

Nikaandika tena, gizani, kidole kimoja kimoja. Nikakosea. Kukosea si ajabu. Ajabu ni kwamba hujui umekosea wapi, kwa hiyo unaanza upya huku unatetemeka. Mara ya tatu ikakubali. Nikashusha pumzi. Ndipo likaja jibu, Kiingereza kikavu, mpwa akanitafsiria: jina langu halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na tukio hili litaripotiwa.

"Litaripotiwa kwa nani?"

"Kwa msimamizi wa kompyuta."

"Msimamizi ni nani?"

Akajikuna. "Ni mimi, mjomba. Nilikuweka mtumiaji wa kawaida. Kwa usalama wako."

Kwenye meza yangu, ndani ya kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu, nimefunguliwa jalada, na mpelelezi ni mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Nilitaka kumrudishia kidogo. Nikamuuliza kama anakumbuka Machi 2024, mlango wa siri ulipopatikana ndani ya xz, kile kijiprogramu cha kubana mafaili kilichomo karibu kila Linux. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la kutunga alijipendekeza kwa mradi ule zaidi ya miaka miwili mpaka akakabidhiwa funguo. Aliyeugundua, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde hivi, akaanza kuchimba. Na Freund wakati huo alikuwa ameajiriwa wapi? Microsoft. Mpwa akasema msimbo wa programu ukiwa wazi yeyote anaweza kuukagua, ndiyo maana mlango ule ulionekana. Ana haki. Lakini nusu sekunde! Mimi kompyuta yangu inachelewa dakika nne kuwaka na sijawahi kushuku kitu.

Jamani, nimechoka. Nasema kweli, si utani tena. Kitufe cha kuhifadhi nimejifunza kilipo mara sita, na kila nikikizoea wanakihamisha. Disketi nilitupa, CD nilitupa, waya nina droo nzima hazichomeki popote. Halafu nikisema tu mashine imegoma, hakuna anayeuliza barua imefikia wapi. Wanaulizana nani alaumiwe, utasema kuna mmoja wao analipwa mshahara. Agosti 1997 Steve Jobs, mwasisi wa Apple, alisimama jukwaani Boston, akatangaza kuwa Microsoft inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple, na sura ya Bill Gates, bosi wa Microsoft, ikatokea kwenye kioo kikubwa nyuma yake. Mashabiki wa Mac wakazomea. Wenye mali walishapeana mikono, mashabiki wanazomea! Na mimi shemeji wangu tangu juzi hanisalimii vizuri kwa sababu ya mguu wa kioo.

Barua yenyewe, baada ya yote hayo, wakasema watanipokelea nikichelewa, ila iwe imechapwa na kutiwa sahihi. Maana yake printa. Shemeji akajaribu kwa Mac, mwenzangu akajaribu kwa Windows, mpwa kwa Linux. Printa ikawakatalia wote watatu bila upendeleo. Kwanza ikasema haipo mtandaoni, na taa yake inawaka tunaiona. Ilipokubali kwamba ipo, ikadai wino wa buluu umekwisha. Barua yangu ina herufi nyeusi tupu. Wale watatu wakainama nyuma yake, vichwa pamoja, wakiitukana kwa sauti moja. Sikuwahi kuwaona wanapatana hivyo.

Nikaamua kuandika kwa mkono. Kalamu ya kwanza ikakwaruza karatasi isiache hata alama. Ya pili nikakuta kofia, kalamu haimo. Ya tatu, ile nzuri, anayo shemeji, pamoja na chaja.