Apatimenti ya Mji Mkongwe: unanunua vyumba viwili au unanunua paa la watu sita?

Mtoto wa ami yangu yuko Maskati miaka mingi, mwezi uliopita kanitumia picha za apatimenti ya vyumba viwili Mji Mkongwe wa Unguja, gorofa ya pili, nyumba ya zamani ya mawe iliyokatwakatwa ikawa apatimenti sita, akaniomba niende nikaione kwa niaba yake maana anataka pa kufikia akija likizo na watoto, na miezi mingine wakae watalii. Nimeenda nikaiona, na tangu siku ile tunabishana kila usiku. Nayaandika kwa sababu najua wako wengi Dubai, London na Toronto wanaotumiwa picha kama hizi na madalali.

Nianze na upande wake maana ana hoja ya kweli. Nyumba hizi bila pesa zinakufa. Mji Mkongwe umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 lakini jina halizibi paa linalovuja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, zikaingia familia nyingi nyumba moja, kodi ndogo, wa kutengeneza hayupo. Nyingine za wakfu, nyingine warithi wametawanyika nchi tatu na hawaelewani. Kila masika roho juu, ukuta gani utalala leo. Hata Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la pwani alilolijenga Sultani Sayyid Barghash 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini ndani na wawili wakafariki. Kama jumba lile, ambalo kila mtu alikuwa analitazama, limeanguka, sasa hiyo nyumba ya kichochoroni ya nani?

Na kubadilisha matumizi peke yake si kosa. Ile zahanati ya zamani pale Malindi, aliyoianzisha tajiri wa Kihindi Tharia Topan, ilikuwa inaelekea kuanguka, mfuko wa Aga Khan ukaitengeneza miaka ya 90 na mpaka leo zile roshani zake za mbao zinang'ara. Jengo la Extelecoms, la kampuni ya simu ya zamani, nalo limekuwa hoteli ya Serena. Kwahiyo ndugu yangu akisema "bora mimi niweke pesa nyumba isimame kuliko ianguke na heshima zake", siwezi kumwambia anakosea.

Sasa nilichokiona. Ukiingia panapendeza, ukuta mweupe, kitanda cha samadari, AC inapuliza. Nikasogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje. Nyuma yake rangi imevimba kama mkate wa kumimina, ukiigusa inamwagika unga wa chumvi, na chini ya rangi ni saruji. Hapo nikajua. Kuta hizi ni matumbawe na udongo na chokaa, nene kama nusu mita, unyevu unapanda kutoka chini na unaingia kwa mvua lakini chokaa inauachia utoke, ukuta unapumua. Ukiipiga saruji umeuziba mdomo, maji hayatoki tena, yanabaki ndani yanakula ule udongo taratibu na wewe nje unaona weupe tu. Fundi wa chokaa anayejua kazi hachukui siku mbili, chokaa yenyewe lazima ilowekwe ikae, sasa mwenye kuuza ana haraka, saruji inakauka kesho.

Alafu boriti. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba ni virefu na vyembamba, mti wenyewe ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti haiozi katikati, inaoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, hukuoni. Nyumba ilijengwa iwe na choo kimoja au viwili upande mmoja, leo ina apatimenti sita kila moja ina bafu lake na jiko lake, mabomba yamepita ukutani na AC zinadondosha maji humohumo, juu ya paa kuna matangi yamepangwa, na tangi la lita elfu moja likijaa ni tani nzima ya maji juu ya miti iliyowekwa zamani kabla bomba halijafika nyumbani. Mimi hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko bei.

Ndo maana namwambia wewe hununui vyumba viwili, unanunua paa, ngazi na karo la maji machafu pamoja na watu watano usiowajua. Sheria ya kondominiamu ya Zanzibar ya 2010 inaruhusu jengo ligawanywe kila mtu awe na hati yake na sehemu za pamoja ziwe za wote, ni kitu kizuri, na kwake ni muhimu khasa kwa sababu ana paspoti ya Oman na Tanzania haina uraia pacha, yani kisheria anahesabika si raia hata kama kitovu chake kimezikwa Mkunazini, ardhi kwake ni lizi, yani ya kukodi kwa muda. Lakini hati haipandi kuziba paa. Nikamuuliza dalali, wenye apatimenti wanachanga shilingi ngapi kwa mwezi, fundi anaitwa na nani, akanijibu kuna grupu la WhatsApp. Basi, ndo jibu lilivyokuwa.

Kuna la mji pia na hili linaniuma zaidi. Nyumba ile jirani zake wanakumbuka ilikuwa na watoto barazani jioni, bibi mmoja anauza mbatata za urojo mlangoni. Sasa mlango una kufuli ya namba. Nenda Shela kule Lamu uone majumba mazuri mno, mengi ya Wazungu, mwenye nyumba anakuja mara moja kwa mwaka na ufunguo anao mlinzi. Kuta zimepona, hilo nalikubali kabisa, lakini usiku ukipita baraza tupu. Ndugu yangu ananijibu kwamba familia zile ziliondoka kwa sababu zilichoka kulala chini ya dari inayodondoka, hazikufukuzwa na mtalii, na hapo pia ana haki nusu, kwa sababu wengine kodi ndiyo iliyowaondoa.

Mie msimamo wangu kwa nyumba ile, hapana, kwa bei ile na saruji ile. Ila akipata jengo ambalo wenyewe wana mfuko wa pamoja unaoonekana kwenye akaunti, kuta zimerudishiwa chokaa, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kipo mkononi na sio "kinakuja", na akakubali miezi ambayo hayupo akae mwalimu au nesi wa hapa kwa kodi ya kawaida badala ya mtalii wa siku tatu, basi mimi mwenyewe nitamsimamia fundi.

Arbuni bado hajatoa. Dalali anamsukuma alipe kabla ya mwisho wa mwezi, nimemwomba asubiri masika. Mvua ikipiga siku tatu mfululizo nitarudi pale na tochi, nisogeze lile kabati tena, alafu nipande juu nikaone yale matangi yamekalia nini.