Nathani Yule Yule, Hukumu Mbili

Uchaguzi ukikaribia, majina ya Biblia huanza kugawiwa. Mgombea huyu ni Daudi, yule ni Farao. Kiongozi ambaye mwenendo wake unawatia waumini aibu lakini sera zake zinawapendeza hupewa jina la Koreshi, mfalme wa Uajemi, mpagani aliyetumiwa na Mungu. Wapinzani wake nao wana majina yao ya kumpa: Herode, Nebukadreza, na wasioipenda Biblia humwita Hitler. Hapo mjadala huwa umekwisha. Mtu akishaitwa Farao, nani atakaa chini asome bajeti yake?

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba siasa na utamaduni wa leo havieleweki vizuri bila historia na bila imani, na sijaacha kuamini hivyo. Lakini wanaotuonya wana hoja nzito, na aghalabu tunawajibu kwa haraka kuliko wanavyostahili. Wanasema imani ikiingia kwenye siasa huongeza ukali bila kuongeza ukweli, kwa sababu maandiko ni mapana na kila kambi hupata aya yake. Anayetaka watu watii mamlaka husoma Warumi 13. Anayetaka wapinge husoma Ufunuo 13, ambako dola ni mnyama atokaye baharini. Historia nayo, wanasema, ni ghala ambalo kila mtu huingia na kutoka na silaha aliyokuwa akiitafuta.

Wana ushahidi. Mwaka 1956 Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza, alimtazama Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, akitaifisha Mfereji wa Suez, akamwona Mussolini mwingine, yule dikteta wa Italia. Eden alikuwa amejiuzulu uwaziri wa mambo ya nje mwaka 1938, siku zile madikteta walipokuwa wakibembelezwa, na funzo la miaka ile lilikuwa limemkaa moyoni. Kwa hiyo alikwenda vitani pamoja na Ufaransa na Israeli, na Marekani ikawabana hadi wakaondoka. Alikuwa anaijua historia vizuri sana. Kosa lake lilikuwa kuiacha historia ya 1938 imfumbe macho asimwone mtu wa 1956.

Na huyo Koreshi? Aliingia Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, na Wayahudi waliokuwa uhamishoni wakaruhusiwa kurudi kwao. Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta, kisha mara mbili katika aya zinazofuata inasema hakumjua Mungu aliyemwita. Mwaka 1879 kulichimbuliwa Babeli pipa dogo la udongo lenye maandishi ya Koreshi, na humo ushindi wake anaupa Marduk, mungu wa Babeli. Nabii, basi, alikuwa akieleza uwezo wa Mungu, hakuwa akimpamba Koreshi. Hakuna mahali waliorudi Yerusalemu wanapoagizwa kumtetea kila akosapo, au kumwita asiyempenda msaliti wa imani. Anayempa mgombea wake jina hilo leo hulichukua neno la kwanza, mpakwa mafuta, na kuliacha lile la pili, kwamba hakumjua.

Hadi hapo mtu anaweza kusema tatizo ni kusoma vibaya, tukisoma vizuri yataisha. Natamani ingekuwa hivyo. Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha mtu aliyesoma vizuri.

Mwaka 390 umati wa Thesalonike ulimuua Butheric, kamanda wa jeshi mjini, kwa sababu alimfunga mwendesha magari ya mashindano waliyempenda na akakataa kumwachia. Kaisari Theodosius wa Rumi alighadhibika, akaagiza mji uadhibiwe. Baadaye alibadili nia, lakini amri ya pili ilichelewa. Askari waliwavamia watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mashindano wakawachinja, mwenye hatia na asiye na hatia. Mwandishi mmoja wa miongo kadhaa baadaye anataja watu 7,000.

Ambrose, askofu wa Milano, aliondoka mjini kabla Kaisari hajafika, akisema ni mgonjwa. Kisha akamwandikia. Ile picha maarufu ya askofu akimzuia Kaisari kwenye mlango wa kanisa inatoka kwa waandishi waliokuja baadaye. Kilichotokea kilikuwa cha kimya zaidi, na kwangu ni kizito zaidi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, bila karani, ili Theodosius peke yake aisome. Alimkumbusha Daudi, aliyemuua Uria akamchukua mkewe, na nabii Nathani aliyemwendea na kisa cha tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee, hadi Daudi mwenyewe alipotoa hukumu na kuambiwa: wewe ndiwe mtu huyo. Akamweleza kwamba hataweza kuadhimisha ibada mbele yake mpaka atubu. Theodosius, mtawala mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Rumi, alivua mavazi yake ya kifalme akalia kanisani mbele ya watu.

Wanaotaka imani ikae nyumbani wanapaswa kukitazama kisa hiki bila haraka. Hapakuwa na bunge la kumhoji Theodosius wala mahakama ya kumshitaki. Dunia ile haikuwa na chombo kingine ambacho kingeweza kumwambia mwenye jeshi kwamba damu ya watu wa kawaida ina mwenyewe. Kama Ambrose angeamini kuwa Biblia ni jambo la faragha, mauaji yale yangebaki kazi ya kawaida ya utawala.

Lakini miaka 2 kabla, mwaka 388, Wakristo wa Callinicum, mji ulio kando ya mto Frati, walichoma sinagogi kwa uchochezi wa askofu wao. Theodosius alitoa amri ya haki kabisa: wahalifu waadhibiwe, na askofu alijenge upya kwa gharama yake. Ambrose alipinga. Alimwandikia kwamba kumlazimisha askofu kujenga sinagogi ni kumlazimisha aisaliti imani, na kwamba utulivu wa umma hauwezi kuitangulia dini. Barua haikutosha. Kaisari alipokuja ibadani, askofu alihubiri hadi kila mtu akajua anayesemwa, na Theodosius alipolalamika kwamba mahubiri yamemlenga yeye, Ambrose hakukana. Alisimama pale pale, akakataa kwenda madhabahuni mpaka Kaisari aahidi kufuta kesi yote. Akaahidi.

Na andiko alilotumia mwaka 388? Nathani akimwendea Daudi.

Nimerudi kwenye jambo hili mara nyingi. Askofu ni yule yule na Kaisari ni yule yule. Nabii ni yule yule, na hata ujasiri ni ule ule. Mara moja alisimama upande wa waliochinjwa, mara nyingine upande wa waliochoma. Huwezi kusema Ambrose hakuijua Biblia, au alikuwa akitafuta cheo kwa mtawala, kwa maana mara zote mbili alihatarisha kukosana naye. Tofauti ninayoiona ni walioumia. Wa Thesalonike kwa sehemu kubwa walikuwa Wakristo, kondoo wa zizi lake. Wa Callinicum walikuwa Wayahudi, na waliowachomea ndio waliokuwa watu wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuiweke imani kando, wala na wenzangu wanaodhani kuwa na Biblia mkononi kunatosha. Wa kwanza husahau kwamba hakuna asiyesoma siasa kwa kisa fulani. Wanamapinduzi wa Ufaransa walioupiga vita Ukristo hawakubaki bila visa. Walijivika majina na alama za Rumi ya kale. Wenzangu nao husahau kwamba Nathani hakutumwa kwa maadui wa Israeli. Alitumwa kwa mfalme aliyeandika zaburi, mtu wa upande wake, tena aliyempenda. Kulitumia andiko lile kumshambulia mwanasiasa ambaye tayari hatumpendi, mbele ya watu ambao tayari wanatushangilia, si kazi aliyoifanya Nathani.

Hata mashujaa wetu wa karibu hawakupona udhaifu huo. Mwezi Mei 1934 wachungaji na waumini wa Ujerumani walikutana mjini Barmen wakatoa tamko la kukataa mafundisho ya wale waliokuwa wakilichanganya kanisa na utawala wa Hitler. Lilikuwa tendo la ujasiri, na bado linasomwa makanisani. Lakini soma vifungu vyake vyote 6: Wayahudi, ambao mateso yao yalikuwa yameanza waziwazi mwaka mmoja kabla, hawatajwi. Mwanateolojia Karl Barth, aliyeliandika kwa sehemu kubwa, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba kunyamaza kule kulikuwa kosa lake. Waliona vizuri hatari iliyolikabili kanisa. Iliyomkabili jirani ambaye si wa kanisa ilibaki nje ya macho yao.

Ndiyo maana, ninaposikia mtu akiifananisha siasa ya leo na Babeli au na Ujerumani ya 1933, siku hizi sianzi kwa kuuliza kama mfanano huo ni sahihi. Ninauliza ni nani anaumia sasa hivi ambaye mfanano huo haumtaji, na kama msemaji angeutumia kwa sauti ile ile iwapo waliochoma wangekuwa wa dhehebu lake au wa chama chake. Swali hilo limenifuta maneno mengi niliyokuwa nimeshayaandika, mengine yakiwa mazuri masikioni.

Theodosius hakuishia pale Ambrose alipomwacha. Mwaka 393, miaka 5 baada ya kuifuta kesi ya Callinicum, alituma amri kwa kamanda wake wa mashariki. Ilisema kwamba dini ya Wayahudi haijakatazwa na sheria yoyote, na kwamba wanaobomoa masinagogi kwa jina la Ukristo wazuiwe kwa ukali unaostahili.